Kumbukumbu ya gunong: siki imenibadilishia hesabu

Mpaka wiki iliyopita nilikuwa nimeshakata shauri kwamba jambia langu ni la mwaka 1945, kuanzia ncha hadi kitako cha mpini. Jumamosi nikalipaka siki.

Kwa anayeingia leo: hili ni gunong, jambia dogo la Wamoro wa kusini mwa Ufilipino, mdogo wake upanga wa kalis. Mwenyewe alilichomeka kwenye mshipi wa kitambaa, nyuma ya kiuno. Nililinunua hapa San Diego nyumba moja ilipouza vyombo vyake. Mzee wa nyumba ile alipigana Vita vya Pili vya Dunia.

Ala ndiyo iliyonipa tarehe. Ni vipande viwili vya mbao vilivyobanwa kwa pete, za shaba na za alumini kwa kupishana. Alumini ni shahidi mzuri: wahunzi wa Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Ufilipino, waliipata kwa wingi vita vilipoleta ndege, na ndege zikaanguka. Pete moja imechorwa ZAMBOANGA P.I. Zamboanga ni mji wa Mindanao, na herufi hizo mbili ni kifupi cha Philippine Islands, jina la Ufilipino enzi za Wamarekani, kabla ya uhuru wa tarehe 4 Julai 1946. Wanajeshi wa Marekani walitua Zamboanga tarehe 10 Machi 1945, na kila askari alitaka kitu cha kurudi nacho kwao. Hata pete nene ya shaba iliyoshika shingo ya mpini inakubaliana na ala, maana gunong za zamani zaidi zina pete ndogo.

Sasa ubapa. Niliondoa kutu kwa pamba na mafuta, nikapaka siki ya uvuguvugu sehemu ndogo tu karibu na mpini. Dakika kumi baadaye ikajitokeza michirizi kama ya ubao uliopigwa randa: chuma cha matabaka, kilichokunjwa na kufuliwa tena na tena! Nilitarajia chuma cha springi ya gari kilichofuliwa upya, ambacho siki hukiacha na kijivu kimoja kitupu.

Kisha nikauona mstari wa gangya, kile kipande kipana chini ya mpini. Kwenye kalis za kabla ya miaka ya 1930 gangya hufuliwa peke yake na kuunganishwa. Baadaye wahunzi walifua kitu kizima, wengine wakachora mstari wa kuigiza. Gunong nyingi hazina gangya ya kuunganisha, kwa hiyo nilichukua kioo cha kukuzia. Mstari wa kuchora huishia juujuu. Huu wangu unazunguka mgongo wa ubapa na kutokea upande wa pili, na michirizi ya matabaka inakatika hapo hapo.

Basi ubapa umeitangulia ala. Kuna mtu aliyeuvaa kiunoni kabla haujavishwa alumini kwa ajili ya askari, na tangu Jumamosi nauangalia kwa heshima nyingine.

Nimeshauriwa nipashe mpini moto, ulimbo unaoshika ubapa ndani yake ulainike, nichomoe ubapa nione mkia wake. Sitafanya hivyo. Ulimbo ule ukishatoka, ushahidi wa mkono uliouweka umekwenda nao.

Siki nimeisafisha kwa maji ya magadi, nikakausha, nikapaka mafuta ya cherehani. Kwenye kadi yake nimefuta "1945" na kuandika mistari miwili: ala na pete, Zamboanga, 1945 au karibu yake; ubapa, kabla ya miaka ya 1930.