Siku moja bandani: pikipiki inayozima ikikaribia Mikindani

Saa 1 asubuhi. Nafungua banda hapa Magomeni, Mtwara mjini, nakuta kijana wa bodaboda keshaegesha. "Shikamoo fundi. Hii mashine itanifilisi." Mjini haina neno. Ikikaribia Mikindani, kilomita kama 10 hivi, inakohoa, inaisha nguvu, inazima. Akingoja kidogo, inawaka kama si yenyewe. Plagi kashabadilisha, kabureta kaoshewa.

Saa 2. Bisibisi baadaye, kwanza maswali. Ukivuta choki ikianza kufa? "Inajikongoja kidogo." Basi umeme nauweka kando. Choki hubana hewa ili injini ipate petroli zaidi, kwa hiyo ikisaidia, mara nyingi injini ina njaa ya petroli. Tanki likiwa limejaa je? "Ndiyo balaa zaidi!" Jibu hilo nimelipenda.

Saa 3. Injini imepoa, na mwenye sigara nimemhamishia kwa muuza mihogo. Nachomoa mpira wa mafuta pale kabureta, nauingiza kwenye chupa tupu, nafungua koki. Petroli inashuka vizuri. Mafundi wengi huishia hapo wakasema mafuta yanakuja. Mimi nasubiri. Mkondo ukaanza kukonda, ukawa matone. Nikalegeza mfuniko wa tanki: fyuuu! Hewa ikaingia, mkondo ukarudi.

Chini ya mfuniko kuna kipande cha nailoni. Alikiweka masika, maji ya mvua yasiingie. Kumbe kaziba tundu la kupumulia. Petroli inashuka kwa uzito wake, na inaposhuka lazima hewa ichukue nafasi yake. Hewa ikikosekana, tanki linaing'ang'ania. Tanki lililojaa lina hewa kiduchu, ndiyo maana linakwama mapema. Kabureta nayo ina akiba kwenye bakuli lake, kwa hiyo pikipiki haizimi papo hapo. Akisimama, hewa inapenya polepole, bakuli linajaa, safari inaendelea. Kabureta ya watu imeonewa bure.

Saa 5. Nailoni imetoka, tundu nimelizibua kwa waya mwembamba, jaribio la chupa nimelirudia mfuniko ukiwa umefungwa. Safi. Ila nikafungua na skrubu ya chini ya bakuli: vitone vya maji na unga wa kutu. Koki nikaitoa, chujio lake limevaa kutu. Nikasuuza tanki, nikafupisha na mpira uliokuwa ukijikunja.

Saa 7. Wali na samaki. Pancha, mnyororo.

Saa 9. Tanki limejaa, twende. Tumepita Mikindani, tumepanda kilima, tumerudi. Haijakohoa.

Saa 10. Malipo. "Fundi, hela yote hii kwa kutoa nailoni?"

"Nailoni bure mwanangu. Lipia koki, tanki na muda wangu."

Akalipa, akinuna.

Saa 12 jioni ananipigia simu, yuko kijiweni anakagua mifuniko ya wenzake. Mmoja kagoma kutoa nailoni yake, eti petroli itapaa.