Sindano ya mgongo niliyoikataa mara mbili

Kichwa kilianza kuniuma kama mchezo, Machi 2019. Nilikuwa nimeacha ARV miezi saba, tangu nihamie Mwanza kutafuta kazi, kwa kuona haya kuanza upya kliniki ngeni. (Ajabu ya haya: nilikuwa nawaogopa watu wasionijua kabisa.) Zahanati ya kwanza wakanipa dawa ya malaria, ya pili wakasema taifodi. Wiki ya tatu naona vitu viwiliviwili, natapika, na dada akanikuta nahangaika kuvaa shati miguuni. Majirani wakaanza kunong'ona mashetani.

Hospitalini CD4, yaani chembe za kinga, zilikuwa 41 tu. Daktari akataka kunitoa maji ya mgongo. Mama akapiga simu kutoka kijijini: "Mwanangu, usikubali, utapooza." Nikakataa. Asubuhi daktari akarudi, nikakataa tena. Usiku ule nilikuwa nagonga kichwa ukutani. Muuguzi mmoja wa makamo akakaa kitandani kwangu: "Mdogo wangu, huo mshipa mkubwa wa fahamu unaishia juu ya hapa tunapochoma."

Kulipokucha nikalala ubavu, magoti kifuani. Sindano inauma, nisidanganye. Wakaunga mrija wa kupimia presha, maji yakapanda, meupe kama ya chupa, yakapita sentimita 20 ambazo ndizo mwisho wa kawaida, yakasimama 38. Wakayaacha yadondoke, tone, tone. Kabla hawajabandika plasta kichwa kilishalegea, kama nimetuliwa gunia la mkaa. Wiki ile nilichomwa mara tatu zaidi, na ya mwisho niliiomba mwenyewe.

Kwenye maji hayo walikuta fangasi aitwaye kriptokokasi. Dada akawalaumu njiwa wa jirani. Kweli anaishi kwenye kinyesi cha njiwa na kwenye udongo, lakini wengi humvuta puani wasiugue. Kinga yangu ndiyo iliyokuwa imelala.

Ikaja dripu ya njano, dawa ya fangasi iitwayo amfoterisini B, siku saba, natetemeka hadi kitanda kinalia, na vidonge vya potasiamu juu yake. (Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, wanapendekeza dozi moja kubwa ya aina mpya ya dawa hiyo. Walionifuata wana bahati.) Kisha vidonge vya fangasi, flukonazo: sita kwa siku, baadaye nne, mwishowe kimoja. ARV nilizitaka siku ileile, wakanizuia wiki tano, maana kinga ikiamka ghafla ubongo unaweza kuvimba.

Kila nikienda kijijini, mama hunipapasa kiuno akitafuta kovu. Hajaliona bado.