Naitamani Laayoune

Jamani, nimekumbuka kwetu leo mpaka nimeshindwa kula. Nilizaliwa Laayoune, Sahara Magharibi. Moroko ilipoingia mwaka 1975 tulikimbia nikiwa mtoto, tukaishia kambini huku Tindouf, Algeria. Kambi yenyewe nayo inaitwa Laayoune, kama vile hilo lingetutosha!

Katikati kuna ukuta wa mchanga wa kilomita zipatazo 2,700, umezungukwa na mabomu ya ardhini. Kura ya maoni tuliyoahidiwa mwaka 1991, ya kuchagua uhuru au kuwa chini ya Moroko, haijapigwa mpaka leo.

Marehemu mama, kila akimimina chai, glasi tatu tatu, alikuwa akinielekeza njia ya kutoka nyumbani kwetu hadi bonde la Saguia el-Hamra, kona kwa kona. Nami nimewakaririsha wanangu. Wanaijua kunizidi, na wote wamezaliwa hapa hapa kambini.