Kaktasi iliyooza shina: jinsi nilivyoiokoa

Shina lilikuwa limelegea na kugeuka kahawia kwa chini. Chanzo ni udongo wa bustani: unashika maji, mizizi inakosa hewa, kuvu wanaingia. Nilikata juu ya uozo, kipande baada ya kipande, nikipangusa kisu kwa spiriti kila mara, hadi nyama ikawa safi. Doa moja likibaki, uozo unarudi. Kilichobaki kilikaa kivulini siku 10, kidonda kikauke.

Mchanganyiko wa kukipandia: mchanga mkubwa wa mto sehemu 2, kokoto ndogo 1, mboji 1. Mchanga wa baharini haufai, una chumvi. Chungu cha udongo chenye tundu, kipana kuliko mmea kwa sentimita 2 tu. Miiba? Kwa kushikia mmea, gazeti lililokunjwa linashinda glavu. Maji ya kwanza, baada ya wiki mbili.