Upande Wenye Kilo

Chupa ilipasuka saa nane usiku, nimesimama jikoni nakunywa maji. Kitu cha kwanza kunijia akilini hakikuwa mtoto. Kilikuwa pantoni.

Ilikuwa 2014, na daraja la Kigamboni bado lilikuwa nguzo tu zilizosimama majini. Ukitaka kuvuka kwenda mjini usiku, ama upande pantoni, ama uzunguke Kongowe kwa barabara ambayo mwenye mimba ya miezi tisa haombewi. Mume wangu akavaa shati nje ndani akatoka kutafuta bajaji. Mama, aliyekuwa amekuja kutoka Pangani wiki mbili kabla kunisubiri, hakuuliza kitu. Alivuta beseni uvunguni akahakiki kwa tochi ya simu: mpira wa kulalia, glovu, pamba, kanga tano zilizokwisha fuliwa hadi zikalainika, chupa ya soda yenye maji ya njano, na juu ya vyote kitambaa cheupe kirefu kilichokunjwa kama barua.

Kitambaa kile nilikijua. Ulikuwa mkaja. Siku hizi watu wanautaja kwenye mahari, wanahesabu noti za mama wa bibi arusi wala hawakumbuki kwamba mkaja ni nguo, ile aliyofungwa tumbo mama huyo alipomzaa binti yake. Mama alikuja na mkaja uleule mwaka 2011, mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, akakuta nimepasuliwa. Mwenye kidonda hakandwi maji ya moto wala hafungwi tumbo. Alikaa siku arobaini akinipikia uji wa pilipili manga, kisha akarudi Pangani na mkaja wake haujakunjuliwa. Hakusema neno, na ndicho kilichoniuma.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia, nilitaka kuzaa kawaida. Ningeweza kutaja sababu za heshima: mshono wa kwanza ulinisumbua, kwetu maji tulikuwa tunachota kwa ndoo, na nina mtoto mdogo anayetaka kubebwa. Zote ni kweli. Lakini iliyokuwa chini ya zote ni jirani mmoja aliyeniambia, tunacheka tu barazani, “Wewe hujazaa bwana, wewe umezalishwa.” Nilicheka na wenzangu. Miaka mitatu baadaye nilikuwa bado namjibu kimoyomoyo. Na mama yangu, aliyezaa watoto saba nyumbani mikononi mwa mkunga mmoja, alikuwa akisimulia uzazi wake kama mtu anayesimulia safari za baharini. Mimi sikuwa na cha kusimulia zaidi ya dari.

Daktari wa kliniki hakunikatalia, ila alitaka karatasi. Akanieleza kwamba mshono wa nje hausemi kitu. Unaweza kuwa umeshonwa mlalo kwenye ngozi huku ndani tumbo la uzazi limekatwa wima. Likikatwa mlalo, chini, kovu hilo huvumilia uchungu. Likikatwa wima, juu, kule kunakojikaza kwa nguvu, hilo linaweza kuachia, na huko hakuna kujaribu. Hospitali niliyojifungulia mara ya kwanza ilikuwa imeniandikia kwenye kadi ya ruhusa maneno manne: operesheni, mama mtoto wazima. Mume wangu alikwenda kule mara tatu kulitafuta faili. Mara ya kwanza aliambiwa mwenye funguo hayupo. Ya pili, faili limehamishwa. Ya tatu alikaa benchi tangu saa mbili hadi saa nane, nadhani wakachoka kumwona, akarudi na nakala iliyofifia. Mlalo. Chini.

“Kati ya wanne wanaojaribu, kama watatu hivi wanazaa wenyewe,” daktari akasema. “Kovu linaachia kwa kama mmoja kati ya mia mbili. Lakini huyo mmoja akiachia, anatakiwa awe hatua chache kutoka chumba cha upasuaji. Kwa hiyo zahanati hapana, nyumbani hapana. Na usiku ukishikwa, usisubiri kuche.” Kisha akaongeza lililokuja kuwa na maana zaidi ya yote: “Dripu ya kuongeza uchungu sitaki wakuwekee. Uchungu wako uje wenyewe.”

Nilikuja kusoma baadaye kuwa mwaka 1916 daktari mmoja wa New York, Edwin Cragin, alisema aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa siku zote. Zama zake walikuwa wakikata wima. Usemi ule ukaendelea kutembea hata baada ya kisu kubadili njia, na nimeusikia Kigamboni kwa Kiswahili safi kutoka kwa watu wasiomjua Cragin wala New York.

Pantoni usiku ule ilikuwa ikifanya kazi moja tu, na tulipofika ilikuwa upande wa pili. Tuliziona taa zake Magogoni zimetulia kama haina haraka na mtu. Bajaji ikazima injini. Uchungu ulikuwa ukija kila baada ya dakika saba, nane, na kila ulipokuja nilishika chuma cha kiti cha dereva mbele yangu. Kijana wa watu hakugeuka hata mara moja, alikaa akitazama maji, akisema tu, “Pole, dada. Pole sana, dada.” Mama alikuwa akisoma dua ya Nabii Yunus taratibu, ile aliyoomba akiwa tumboni mwa samaki, na mimi hapo katikati ya maumivu nikapata kicheko, maana upepo ulikuwa unatoka soko la Feri na eneo lote lilinuka samaki.

“Unacheka nini?” mama akauliza.

“Nimemkumbuka Nabii Yunus.”

“Basi mkumbuke kwa adabu.”

Hospitalini tulifika kama saa kumi na nusu. Mume wangu aliishia getini. Mama aliruhusiwa hadi mlango wa leba, na hapo ndipo vita ya chupa ilipotokea. Nesi wa mapokezi aliishika ile chupa ya soda, akaifungua, akainusa. “Bibi, hii dawa gani?”

“Si dawa. Ni kombe.”

“Mnawanywesha miti ya kuongeza uchungu, halafu wanatupasukia hapa! Huyu ana kovu!”

“Mwanangu, huo ni wino wa zaafarani na marashi,” mama akasema, kwa ile sauti ya kwao ya upole inayokata. “Ni maneno ya Mungu yameoshwa kwenye sahani. Hayajapata kumpasua mtu.”

Nesi hakuimwaga. Aliiweka kwenye kingo ya dirisha, mahali ninapoiona na nisipoifikia, na pale ilikaa siku nzima, jua likipita ndani yake.

Saa kumi na moja alfajiri nikapimwa njia: sentimita nne. Wakaniandika kwenye ile karatasi yao ya miraba yenye mistari miwili ya kupanda mshazari. Sista wa zamu ya asubuhi, mama mtu mzima mwenye raba nyeupe zilizokanyagwa visigino, ndiye aliyenionyesha. Mstari wa kwanza ni wa tahadhari: sentimita moja kila saa. Wa pili uko saa nne mbele. Ukiugusa huo, lazima kitu kifanyike. “Wewe tembea na huu wa kwanza,” akaniambia, kana kwamba ni jambo ninaloweza kuamua.

Saa tatu asubuhi: sita. Nilikuwa nimeshaachwa na mstari wa kwanza. Yale maumivu sitayaeleza. Aliyeyapata anayajua na asiyeyapata hatasaidika. Nitasema tu kwamba Kiswahili hakikukosea kutumia neno moja, uchungu, kwa hili na kwa msiba. Kila baada ya nusu saa sista aliinama na kile kipembe cha kusikilizia, sikio lake tumboni kwangu, macho kwenye saa, na mimi nikizuia pumzi mpaka atikise kichwa kwamba sawa. Kisha anabonyeza kovu kwa vidole viwili. “Uchungu ukiachia, hapa panaendelea kuuma?” Hapana. “Ukweli?” Ukweli. Ningemdanganya, nakiri. Bahati nzuri sikuhitaji.

Saa tano daktari akapita, akanipima mwenyewe. Bado sita. Mstari wa pili nilikuwa nimeugusa kabisa, alama ya kalamu iko juu yake. Mwingine angewekewa dripu. Mimi wa kovu, hapana. “Mama, twende tukamtoe mtoto,” akasema, si kwa ubaya. Wakaleta fomu ya ridhaa.

Sikubishana. Hiki ndicho sijawahi kukisimulia. Kwa muda wote wa mimba nilijiona nikifika hapo na kusema nipeni saa moja zaidi, nikipigania. Niliposhikishwa kalamu nilitia saini haraka, nikaona hata haya jinsi nilivyofurahi. Nilitaka kiishe. Mkaja, jirani, watoto saba wa Pangani, vyote niliviuza kwa saini moja iliyopinda.

Wakanivua, wakanivika gauni la kijani, na sista akaniwekea mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa. Sista akautazama, akanitazama. “Tangu lini hujakojoa wewe?” Sikukumbuka. Nadhani kabla ya pantoni. Akaguna.

Kisha hatukwenda. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mtu. Mwanamke niliyemsikia akipitishwa mbio kwenye kitanda cha magurudumu, kondo limeachia kabla ya mtoto, anavuja damu. Sikumwona uso. Niliona mkono mmoja unaning’inia, na bangili za plastiki, za kijani na nyekundu, zile za kuuzwa kwa dazeni. Wakaniambia nisubiri, ni mimi ninayefuata.

Nikasubiri. Sista alinishusha kitandani, akaniegemeza kwenye ukingo wake, miguu sakafuni, mfuko wa mkojo umefungwa kwenye gauni, akanisugua kiuno kwa kiganja kizito. Hakusema kwa nini. Kama baada ya saa moja na nusu uchungu ukabadilika sauti. Siwezi kusema vingine. Ulikuwa ukinivuta, sasa ukawa unanisukuma, na kooni mwangu ikatoka ile sauti ya ng’ombe ambayo usiku kucha niliisikia kwa wenzangu. Sista akanirudisha kitandani haraka, akavaa glovu, akachungulia.

“Hee! Nani amekwambia ufunguke?”

Alizaliwa saa saba na dakika ishirini mchana, mimi nimevaa gauni la upasuaji. Alitoka akiwa na hasira, mkono mmoja umekunjwa shavuni kama mtu aliyeamshwa. Sista akamweka kifuani kwangu na utelezi wake wote, na nilichosema, Mungu anisamehe, si Alhamdulillahi. Nilisema, “Mwiteni mama.”

Sijui ni nini kilichofanya. Sista aliamini kile kibofu kilichojaa ndicho kilichoziba njia, na ulipowekwa mpira ili nipasuliwe, kichwa kikapata pa kupita. Pengine ndivyo. Pengine ni kusimama. Mama ana hakika ni kombe, hata kama halikunywewa. Yeye anasema lilikuwa linanitazama. Mimi ninachokijua ni kwamba kingekuwepo chumba cha pili cha upasuaji, ningekuwa mezani.

Wakati sista ananishona palipochanika kidogo nikamuuliza habari za yule wa bangili.

“Mama yuko salama.”

“Na mtoto?”

Akavuta uzi, akaukata. Akamchukua wangu akampeleka kwenye mzani, akatafuta kwa macho pa kuandika kabla ya kujaza kadi, akaona fomu yangu ya ridhaa juu ya meza. Akaigeuza, akaandika kwa kalamu nyekundu: ME, 3.6, 7:20. Swali langu hakulijibu.

Fomu ile haikurudi kwenye faili. Nilipohamishiwa wodini iliwekwa kwenye beseni pamoja na kanga, na nikaenda nayo nyumbani. Jioni ya kesho yake, Kigamboni, baada ya kunikanda, mama aliukunjua mkaja wake. Ulikuwa na harufu ya udi na ya sanduku. Akanizungushia tumbo, akavuta hadi nikakosa pumzi, akavuta tena, huku akiwaeleza wanawake waliokuja kutuona kwamba binti yake na kovu lake amezaa mwenyewe, bila kisu, bila dripu. Jirani yangu wa barazani alikuwepo, ameleta sukari kilo mbili. Nilimtazama. Sikusema kitu.

Mama akaiokota fomu kwenye beseni. Miwani aliisahau Pangani, kwa hiyo akaishika mbali, akaisogeza karibu, akanipa.

“Hii imeandikwa nini?”

Nikaigeuza, nikamsomea upande wenye kilo.