Cheti kwenye mkebe wa vifungo

Jana Rehema alikuwa akitafuta sindano kwenye mkebe wangu wa vifungo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mama, hii hesabu ya nini?"

Jicho la kulia -1.50, la kushoto -1.25. Mwaka 2009.

Ni kile cheti changu cha miwani. Nilikitumia miaka tisa. Fremu ikivunjika au lenzi zikichubuka, nakipeleka dukani, natengenezewa nyingine, nalipa, naondoka. Hakuna aliyeniuliza ni cha lini, wala mimi sikujiuliza. Mabango nilikuwa nayasoma, na nikivua miwani uzi unapita kwenye tundu la sindano. Niliamini kazi ya macho ni hiyo tu.

Mwaka 2018 nilimsindikiza shangazi kuangaliwa mtoto wa jicho, nesi akasema na mimi nipime. Herufi za ukutani nilizisoma. Wakanipima presha ya macho, daktari akanyamaza, akanipeleka chumba chenye giza.

Nikaweka kidevu kwenye mashine, jicho moja limezibwa, kitufe mkononi. "Tazama nukta ya katikati, usiiache. Ukiona kimwanga popote, bonyeza." Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Kisha vimwanga vikakoma. Nikasubiri. Nikasikia feni, nikasikia mtu akikohoa nje kwenye foleni, kiganja kikaanza kulowa jasho. Nukta ilikuwa inawaka palepale, kwa hiyo umeme haujakatika.

"Daktari, mashine imesimama."

Hakujibu mara moja. Alikuja akaniwekea mkono begani. "Haijasimama, dada. Bado inawasha."

Mengine nilielezwa nikiwa nimekaa tu, kwamba ni ugonjwa wa glakoma: presha ya macho, mshipa wa fahamu unaokufa taratibu, uoni wa pembeni ukitangulia. Hakuna maumivu, na jicho moja huziba pengo la mwenzake, ndiyo maana mtu hajui. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki nakilinda kwa matone kila usiku mpaka leo.

Aliniuliza kama kwetu yupo aliyewahi kupata shida ya macho. Nikasema hapana. Nilikuwa tayari kwenye daladala nilipomkumbuka Baba, anavyojigonga kwenye miimo ya milango, nasi tukisema ni uzee, tukamtafutia mkongojo. Sijui kama ndiyo hiyo. Hakupimwa hata siku moja, na leo hayupo wa kuulizwa.

"Sasa mbona hujaitupa?" Rehema akauliza. Sikuwa na jibu.

Daktari alisema ugonjwa huu hutembea katika ukoo, watoto nao waangaliwe. Nimemwambia mwezi ujao twende wote. Anakataa, anasema anaona vizuri mno, hata maandishi ya daladala ng'ambo ya barabara anayasoma. Akasimama dirishani akanisomea.

Nimeikunja karatasi, nimeirudisha mkebeni.