Choo cha chini ya ngazi, nilidhani ni kazi ya wikiendi

Nyumba yetu Tabata ni ya ghorofa moja, na chini ya ngazi kuna kachoo ka wageni ambako kwa miaka kametunza mafagio na ndoo kuliko kutunza wageni, maana kananuka, kana giza, na sinki la kuchuchumaa limepandishwa juu ya kijukwaa, yaani mtu mrefu akinyanyuka tu ngazi inampiga kisogo. Sasa mama magoti yamegoma. Kupanda juu kila akitaka kutawadha imekuwa shughuli, ikabidi tumhamishie chumba cha chini, na hapo ndipo nikasema kale kachoo nakitengeneza mwenyewe, Jumamosi na Jumapili nimemaliza.

Wiki tatu. Naandika haya ili wewe usije ukatumia tatu.

Kosa la kwanza ni kwamba nilianza na tailizi. Siku ya kwanza kabisa niko Kariakoo nachagua rangi, eti za krimu au za kijivu, wakati hata sijui bomba la choo linapita wapi. Usifanye hivyo. Anzia nje, fungua mfuniko wa chemba, mwambie mtu amwage ndoo ya maji kule ndani wewe uangalie yanatokea upande gani na yanatoka kwa kasi gani. Mi nilipofanya hivyo ndio nikajua bomba linazunguka nyumba nzima bila sababu, wakati ukuta wa mashariki wa kachoo uko kama mita mbili tu kutoka kwenye chemba.

Halafu mama akaja na lake. "Mwanangu, maadam unavunja, hilo sinki kaligeuze, miaka yote tumekaa tumeelekea kibla." Kwa Dar kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, na kweli sinki la zamani lilitazama kaskazini, fundi aliyeliweka sijui aliwaza nini. Nikaona sawa, sinki jipya la kukaa mgongo wake uwe ukuta wa mashariki, mtu akikaa anatazama magharibi, na bomba litoboe ukuta hapo hapo nyuma liende chemba. Kitu kimoja kimetatua viwili.

Ila kabla ya kununua pima, na usipime kwa macho. Chumba chetu upana ni sentimita 125, sinki la kukaa pamoja na tenki lake linakula kama 66, kwahiyo mbele inabaki 59 ya kuweka magoti. Chini ya hapo ungekuwa unabanwa. Ubavuni nako, kutoka katikati ya sinki hadi ukutani acha angalau 38, la sivyo kiwiko kinagonga ukuta na kutawadha inakuwa tabu. Na kwa choo cha chini ya ngazi kuna kipimo ambacho futi haikwambii: chukua ndoo ya lita 20, igeuze kichwa chini pale sinki litakapokaa, kimo chake hakiko mbali sana na cha sinki, kaa halafu nyanyuka kama unavyonyanyuka chooni, usijihurumie. Mi niligonga kipaji. Nikasogeza alama sentimita kumi na tano kuelekea mlangoni, nikarudia, nikapona. Kuvunja kile kijukwaa nako kulinipa sentimita karibu 20 za kichwa bure.

Kwenye kuvunja jihadhari na tundu la zamani. Kifusi kikidondokea kwenye bomba utakuja kulipa mtu wa kuzibua. Ziba na gunia, lakini lifunge kamba, na kamba uining'inize nje uione, usiposahau wewe atasahau fundi. Na lile tundu ukishaachana nalo usilijaze matambara ukamwagia zege juu, weka kifuniko chake cha plastiki kilichogundishwa ndio umwage, vinginevyo harufu itatafuta njia na mende watakuwa mbele yake.

Sasa kosa la pili, na hili ndilo liliniuma mfukoni. Masinki ya kukaa yako aina mbili: la kutolea chini, ambalo mafundi wanaliita esi trapu, na la kutolea nyuma, pi trapu. Dukani yanafanana kabisa ukiyatazama kwa mbele. Mi bomba langu linatoka ukutani, nikanunua la kutolea chini, nikabeba kwenye bajaji mpaka nyumbani nimelikumbatia kama mtoto. Fundi bomba akaligeuza, akaniangalia, "Bosi, hili linaenda wapi?" Duka likakataa kubadilisha kwa sababu limeshapakwa vumbi la simenti. Kwahiyo pindua sinki hapo hapo dukani uone tundu liko wapi. La kutolea nyuma kwa kawaida tundu linakaa kama sentimita 18 kutoka sakafuni, ila pima lako lenyewe, na pima kuanzia juu ya tailizi maana ukisahau unene wa tailizi na simenti yake bomba na sinki havitakutana.

Bomba la inchi 4 lipe mteremko, kila mita moja lishuke kama sentimita mbili na nusu. Watu wanadhani likiwa mwinamo sana ndio vizuri, lakini likizidi maji yanakimbia yanaacha mzigo nyuma. Hii kazi mi nilimwachia fundi na sioni aibu, kazi yangu ilikuwa kushika ule mpira wa maji wa kupimia usawa tukilinganisha.

Harufu je? Miaka yote tulilaumu sinki. Kumbe ni kale katundu ka sakafuni ka kutolea maji ya kudeki. Chini yake kuna kona inayobakiza maji, na yale maji ndiyo yanayoziba hewa ya shimo isipande. Choo kisipotumika wiki kadhaa na joto hili la Dar yanakauka, basi njia iko wazi. Dawa yake ni kikombe cha maji kila wiki. Tumeishi na harufu ile tangu niko shule ya msingi, kwa kikombe cha maji!

Tailizi sasa. Sakafuni chukua ndogo, sentimita 30 kwa 30, zenye mkwaruzo. Zile kubwa za kung'aa huwezi kuzipa mteremko kuelekea kwenye tundu kwenye chumba kidogo, na mama akiteleza ndio basi tena. Kama unabandika kwa simenti na mchanga, tailizi za ukutani ziloweke kwanza mpaka ziache kutoa mapovu, zikiwa kavu zinanyonya maji ya simenti na baada ya muda zinadondoka, ila kama unatumia gundi yake usiloweke. Kesho yake zigonge moja moja na sarafu, inayolia kama debe tupu ing'oe ikiwa bado inang'oka. Kwenye mistari kati ya tailizi jazia ya kijivu. Nyeupe inapendeza hadi Idd, baada ya hapo inakuwa rangi ya chai.

Skrubu na nati za kufungia sinki chukua za shaba au zisizoshika kutu. Sisi maji mengi ni ya kisima, yana chumvi, chuma cha kawaida hakimalizi mwaka.

Mlango tuligeuza ufungukie nje. Mtu mzima akianguka ndani ya kachoo kadogo, mlango wa kufungukia ndani anauziba na mwili wake mwenyewe, utaingiaje? Hewa tulitoboa ukuta juu tukapitisha kipande cha bomba la inchi 4, kikafungwa wavu wa mbu. Feni sikuweka, sikuona haja.

Mwisho ilikuwa kujaribu kama tenki linavuja kimya kimya, maana linavyovuja hivyo halisikiki ila simtanki asubuhi unalikuta tupu. Unatia rangi kwenye tenki, unakaa nusu saa bila kuflashi, rangi ikionekana kwenye sinki ujue kile kimpira cha chini hakijakaa vizuri. Sikuwa na rangi, nikatia juisi ya unga, ile nyekundu, nikaenda zangu kunywa chai. Kumbe linavuja kweli, na mama ndiye aliyeingia wa kwanza. Ukelele alioutoa hadi jirani alikuja kugonga geti.